Kumpokea Mgeni wa Kiyahudi Mwanza: Jikoni, Ijumaa Jioni na Tofauti za Madhehebu

Mgeni akiandika kwenye fomu ya nafasi kwamba ni Myahudi, jikoni hatua ya kwanza huwa kufuta kitimoto kwenye menyu. Si vibaya, ila hiyo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, na mgeni bado anaweza kukaa siku tatu akila ndizi mbivu na parachichi kwa sababu vingine vyote haviliki kwake. Mwingine, Myahudi vilevile, ataagiza kuku wa kuchoma na bia baridi, Jumamosi saa nne asubuhi ataomba boti ya kwenda kisiwa cha Saanane, na atashangaa kwa nini umemwekea sahani za karatasi.

Wote wawili wanajua wanachofanya. Tofauti yao imetoka kwenye madhehebu, na ndani ya dhehebu moja watu hutofautiana tena. Kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni, mpishi na dereva wasiishie kuuliza jina la dhehebu. Wamuulize mgeni kuhusu tendo moja moja, tena kabla hajapanda ndege. Jina la dhehebu linakuonyesha tu pa kuanzia.

Majina, na yanapokudanganya

Waothodoksi wanashika kwamba sheria ya Torati, pamoja na ufafanuzi wa marabi (walimu wa dini yao) katika kitabu cha Talmudi, inawabana leo kama zamani. Chakula, Shabati (siku ya mapumziko, toka Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku), sala tatu kwa siku, yote ni wajibu. Ndani yao wapo Waharedi, wale wa makoti na kofia nyeusi, Wahasidi wakiwamo, ambao huongeza masharti juu ya masharti. Wapo pia Waothodoksi wa kisasa, ambao utawaona wamevaa suruali ya safari kama mtalii yeyote, kofia ndogo ya kipa imejificha chini ya kapelo.

Wakonsavativu wanakubali kwamba sheria inabana, lakini kamati yao ya marabi huweza kuitafsiri upya. Mwaka 1950 kamati hiyo huko Marekani iliruhusu kutumia umeme siku ya Shabati, na kuendesha gari kwenda sinagogi. Mwaka 1973 ikaruhusu wanawake kuhesabiwa kati ya watu kumi wanaotakiwa ili sala ya jamaa isimame. Kwa Waothodoksi kumi hao ni wanaume waliovuka miaka 13, basi.

Wa Mageuzi, ambao wenyewe hujiita Reform, humwachia kila mtu apime. Tamko lao la Pittsburgh la mwaka 1885 lilisema sheria za chakula haziwabani tena. Usikimbilie hapo ukadhani wanakula chochote: wengi siku hizi hawagusi nguruwe wala kamba, na wengine wamerudi kushika zaidi ya hapo. Wajenzi Upya, waliotokana na mafundisho ya Rabi Mordecai Kaplan, ni wachache. Waanzie kama wa Mageuzi, kisha uliza.

Sasa mitego. Mwisraeli akikwambia yeye ni “masorti”, mara nyingi hamaanishi Konsavativu, ingawa Wakonsavativu nje ya Marekani hutumia jina hilohilo. Anamaanisha kwamba anashika mila kiasi: nguruwe hali, Ijumaa jioni anabariki divai, Jumamosi anaendesha gari. Akisema “hiloni”, hafuati sheria za dini, ila bado muulize kuhusu nguruwe. Wayahudi wenye asili ya Moroko, Yemeni au Iraki wengi hawajigawi kwa madhehebu haya kabisa, kwani mgawanyiko huu ulizaliwa Ulaya na Marekani. Kisha usimtafute Myahudi kwa rangi ya ngozi. Ng’ambo ya ziwa letu, upande wa Mbale nchini Uganda, wapo Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Wengi wao wako upande wa Konsavativu, na rabi wao Gershom Sizomu alipata daraja Los Angeles mwaka 2008. Wengine, kijiji cha Putti, ni Waothodoksi. Mgeni kutoka Mbale mwenye kipa ya kufumwa anaweza kuwa na masharti makali kuliko Mmarekani uliyempokea wiki iliyopita.

Kama hofu ya kukosea inakusumbua, ujue hata Wayahudi wenyewe wamewahi kuandaliana karamu ikawa balaa. Julai 1883, mjini Cincinnati, chuo cha marabi wa Mageuzi kilisherehekea wahitimu wake wa kwanza, na mezani wakaletwa kamba, kaa na miguu ya chura. Wageni wengine walikasirika, na chuki ya mlo ule ilichangia kuwasukuma wenye msimamo wa kati kuanzisha seminari yao New York miaka michache baadaye.

Maswali ya kutuma wiki mbili kabla

Usiandike “Je, unakula kosheri?”, yaani chakula kinachoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi. Jibu la “ndiyo” halikusaidii. Uliza hivi: Unakula chakula kilichopikwa kwenye sufuria zetu, au unataka vyombo vipya? Samaki na mboga kutoka jiko la kawaida utakula? Nyama ya hapa utakula? Maziwa ya kiwandani utakunywa? Ijumaa jua likizama, utatumia umeme, simu, gari? Utaleta chakula chako kilichofungwa, na unahitaji friza?

Majibu yatakupa picha. Anayesema “samaki na mboga, sufuria zenu sawa” anafanana na Wakonsavativu wengi wanaposafiri. Anayesema “vyombo vipya, na mimi mwenyewe niwashe moto” ni Mwothodoksi, hata kama hakutaja. Anayejibu “nyama ipo sawa, nguruwe tu hapana” usimtese kwa sahani za karatasi.

Ukikosa majibu, andaa kwa kiwango cha juu vile vitu visivyo na gharama (matunda mazima, mayai, sufuria moja mpya) na viache vya gharama mpaka mgeni afike.

Samaki: hapa Mwanza tumebarikiwa

Nyama isahau kwa Mwothodoksi. Mnyama lazima achinjwe na Myahudi aliyefundishwa kazi hiyo, kwa kisu kisicho na pengo hata la unywele, mapafu yakaguliwe, kisha nyama ilowekwe na kutiwa chumvi damu itoke. Halali ya kwetu haichukui nafasi hiyo, hata kama mchinjaji ni mcha Mungu namna gani. Konsavativu anayeshika naye ataiacha. Hivyo samaki ndiye mkombozi, maana samaki hana sharti la kuchinjwa.

Sharti lake ni mapezi na magamba, tena gamba linalotoka kwa ukucha bila kuchana ngozi. Sato anafaa. Sangara anafaa, na minofu yake inauzwa hata madukani Israel. Ningu na furu wanafaa. Kambare hana magamba, gogogo hana, wote nje. Kamongo anababaisha watu: magamba anayo, lakini yamezama ndani ya ngozi, kwa hiyo naye nje. Jikoni kwako kukiwa na Msabato, hapa ametangulia darasani. Kambare na kamongo alishawaacha zamani kwa andiko hilohilo la Walawi 11.

Dagaa wana magamba madogo laini, na kwa wa Mageuzi au Konsavativu waandalie tu. Mwothodoksi usimwandalie. Dagaa wa kuanikwa huja na uduvi na wadudu ndani yake, na hakuna atakayekaa kuchambua mmoja mmoja kwa miwani. Na kwa vile mabasi ya Bukoba hayakosi senene: Torati inataja aina za nzige wanaoliwa, na Wayahudi wa Yemeni waliendelea kuwala, lakini ni nzige wao waliowatambua kwa mapokeo. Senene na kumbikumbi usiwapeleke mezani.

Namna ya kununua. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi na mapema, chagua sato mzima, magamba yakiwa bado mwilini. Usikubali muuzaji akuparie. Kisu chake kimepita kwenye kambare tangu alfajiri, na mafuta ya kambare yamekaa kwenye ubao. Mlete mzima, umparue nyumbani kwa kisu kipya juu ya foili. Kama sangara ni mkubwa mno na lazima akatwe sokoni, mgeni mwenyewe awepo, kisu kisuguliwe na kuoshwa mbele yake, na kila kipande kibaki na ngozi yenye magamba ya kuonekana.

Hapo kwenye ngozi ndipo wengi huanguka. Mpishi ananunua minofu safi ya sangara, nyeupe, iliyochunwa vizuri, bei juu, halafu mgeni anakataa. Hakukataa ubora wake. Bila ngozi hana namna ya kuthibitisha ni samaki gani, na neno la muuzaji halitoshi. Minofu iliyochunwa huliwa tu ikiwa na muhuri wa usimamizi wa kirabi kwenye pakiti.

Upishi rahisi kuliko wote ni jiko la mkaa lenye wavu mpya, sato amefungwa foili tabaka mbili, limau na chumvi. Ukipenda kupaka, tui la nazi halina shida kwa sababu si maziwa. Siagi usiweke: Waashkenazi, yaani wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, hawaoni tatizo, lakini Wasefardi, yaani wenye asili ya Hispania, Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, wengi hawachanganyi samaki na maziwa.

Jambo moja Waothodoksi hulishika ambalo wapishi hawalitarajii: chakula cha maana kisicholiwa kibichi, kama samaki, mayai au wali, hakitakiwi kupikwa na asiye Myahudi peke yake. Usione kama umetukanwa. Kwa Mwashkenazi inatosha yeye kuwasha mkaa, au hata kuongeza njiti kwenye moto, kisha wewe ukaendelea. Msefardi atataka kuinjika sufuria kwa mkono wake. Mwite tu aje jikoni, dakika moja, kazi imekwisha. Wakonsavativu wengi na wa Mageuzi hawatakusumbua kwa hili.

Vyombo, mboga na mengine ya jikoni

Kwa mgeni wa vyombo vipya nunua sufuria mbili zenye mifuniko, kikaango, visu viwili, mwiko wa mti, ubao wa kukatia na sponji. Vyote viwekwe mbali na sinki la jiko kubwa na vioshwe kwenye beseni lake. Oveni yako inatumika ikiwa chakula kimefungwa foili mara mbili pande zote, bila tundu.

Kachumbari ndiyo huponza. Mtu anafikiri mboga mbichi haina kosa, anakata kitunguu kwa kisu cha hoteli. Kwa sheria ya Waothodoksi vitu vikali, yaani kitunguu, pilipili, limau, hunyonya ladha iliyokaa kwenye kisu, hata kisu kikiwa safi na cha baridi. Kisu kilichokata nyama jana kimeiharibu kachumbari yote. Mpe mgeni nyanya, tango na kitunguu vizima pamoja na kisu kipya, akate mwenyewe.

Wadudu ni sharti zito kuliko watu wanavyodhani. Mchicha na matembele loweka dakika chache kwenye maji yenye matone ya sabuni ya vyombo, suuza jani moja moja, liinue kwenye mwanga ulitazame pande mbili. Kama huna muda huo, acha majani, peleka karoti, viazi vitamu, maboga. Mchele, choroko na dengu vitandaze kwenye sinia jeupe juani kwa dakika kadhaa. Funza wakihisi joto hutembea. Unga uchekeche kwa chekecheke laini. Yai livunje moja moja kwenye glasi. Lenye doa la damu tupa, usilimwage juu ya mengine.

Maziwa ya kupima barabarani hapana. Ya kiwandani yenye alama Waothodoksi wengi huyanywa, Waharedi wengi hawanywi mpaka Myahudi awe amesimamia ukamuaji. Nyama na maziwa hawachanganyi kamwe, wala chombo kimoja hakihudumii vyote viwili, na baada ya nyama wengi husubiri saa sita kabla ya maziwa, wenye asili ya Ujerumani saa tatu. Kwa vile nyama haipo, suala hili litakupita salama, labda mgeni aje na makopo yake.

Divai ya Dodoma, pamoja na uzuri wake, Mwothodoksi haigusi kwa kuwa divai lazima itengenezwe na Wayahudi toka kukamua zabibu. Hata chupa aliyokuja nayo usimfungulie wala kummiminia. Isipokuwa imechemshwa kiwandani, mkono wako unaiharibu kwake. Iweke mezani na kizibuo, rudi nyuma. Wa Mageuzi mmiminie na Dodoma nyekundu.

Mgeni akinunua mwenyewe sufuria ya chuma au glasi, anaweza kukuomba umpeleke ziwani akaizamishe. Chombo cha chuma au kioo kinachokuwa mali ya Myahudi kutoka kwa asiye Myahudi huzamishwa kwanza katika kisima maalumu au maji ya asili, na ziwa linafaa kabisa. Chungu cha udongo kisichopakwa na mwiko wa mti havihitaji, na sufuria zako wewe mwenye nyumba hazihitaji. Atabandua kwanza lebo na gundi yake yote, kwa sababu maji yanatakiwa kugusa chombo kizima, ndani na nje, kwa mara moja. Mzuie asishuke penye magugu na maji yaliyotuama: kichocho kipo kandokando ya ziwa hili. Mpeleke kwa boti, ainamie maji ya kina, avae glovu ndefu, na sufuria aiweke ndani ya wavu uliolegea isije ikazama moja kwa moja.

Ijumaa, saa kwa saa

Siku ya Kiyahudi huanza jua linapozama. Kwa Mswahili hili halihitaji maelezo marefu: wazee wa pwani wakisema “usiku wa Jumamosi” wanamaanisha ule unaotangulia mchana wa Jumamosi. Hata kuhesabu saa toka alfajiri, kama tunavyofanya sisi, ndivyo marabi wanavyohesabu saa za sala. Ila mgeni mwenyewe saa yake ya mkononi ni ya Kizungu, kwa hiyo mkiahidiana muda, taja na jua.

Mwanza jua huzama mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, karibu saa 12:38 jioni, na huchelewa zaidi katikati ya Februari, karibu saa 1:08 usiku. Mishumaa ya kuikaribisha Shabati huwashwa dakika 18 kabla ya hapo. Shabati hutoka nyota tatu zikionekana Jumamosi. Huku karibu na ikweta giza linaingia haraka, na wengi watahesabu dakika 30 hadi 40 baada ya jua kuzama, ingawa wapo wanaosubiri 72. Mgeni atakuwa na ratiba yake. Fuata yake, usibishane naye.

Dereva anayetoka Serengeti kupitia Ndabaka apange kuingia mjini kabla ya saa tisa alasiri. Pancha moja Lamadi na foleni ya Igoma vinatosha kumweka Mwothodoksi barabarani jua likizama, na hapo ataomba ashuke alipo. Usimpangie mgeni huyu kuwasili Jumamosi, wala kuondoka. Malipo, kusaini kitabu, kunakili pasipoti, yote yaishe Ijumaa, kwani hatashika fedha wala kalamu.

Chumbani fanya haya kabla ya saa kumi na moja. Mpe ufunguo wa chuma. Kadi ya mlango hawezi kuitumia. Chumba kiwe cha chini au karibu na ngazi, kwa kuwa lifti hapandi. Taa ya bafuni iwake na swichi uibandike selotepu, la sivyo mtu wa usafi ataizima kwa mazoea. Taa ya korido inayojiwasha ukipita, izime kabisa au iache iwake moja kwa moja. Taa ndogo ya ndani ya friji ichomoe, kwani mlango ukifunguliwa huwaka, na yeye hawezi kuwasha. Shawa ya umeme izime kwenye ukuta. Weka tishu za boksi chooni. Karatasi ya kuchana hachani.

Chakula kiwe kimeiva chote kabla ya jua kuzama. Hotipoti hufanya kazi nzuri kwa wali na samaki wa Ijumaa usiku. Chupa za chai mbili zijazwe maji ya moto. Kwa mchana wa Jumamosi andaa vya baridi: samaki wa jana, mayai ya kuchemsha, viazi, matunda. Kupasha moto hakuna. Mezani atahitaji mikate miwili mizima iliyofunikwa kitambaa, na akikosa divai yake atabariki juu ya mkate.

Akiwa amepanga apatimenti nzima, nunua umeme wa LUKU wa kutosha mchana. Uniti zikiisha usiku wa Ijumaa hataweza kununua, na hataweza kukuomba ununue. Hili la kuomba ndilo linalowachanganya wahudumu. Mwothodoksi hawezi kumwagiza asiye Myahudi amfanyie kazi aliyokatazwa, na ukimwashia taa kwa ajili yake tu, hatakiwi kufaidika nayo. TANESCO wakikata na jenereta ya hoteli ikawashwa kwa ajili ya wageni wote, hapo hana shida. Akikufuata akasema “chumbani kuna giza sana” kisha akanyamaza, ameshasema kila alichoruhusiwa kusema. Ingia na kazi yako, washa taa ufanye kazi yako, ondoka ukiiacha ikiwaka. Kama hujui afanye nini au asifanye nini, mliafikiane Ijumaa mchana, maana baadaye lugha inakuwa ya mafumbo.

Kuhusu funguo naye atauliza: nje ya uzio hawezi kubeba kitu, hata leso mfukoni. Ndani ya uzio wako mwenyewe kwa kawaida hubeba. Askari wa getini ajue, ampokee ufunguo mgeni akitoka kutembea Capri Point, amrudishie akirudi.

Konsavativu hapa hugawanyika. Wengi watawasha taa na kutumia lifti, lakini hawatanunua kitu wala kwenda matembezi ya boti. Wa Mageuzi watawasha mishumaa, pengine waimbe, kisha wakuulize mgahawa gani una sato mzuri Ijumaa usiku. Msabato wako jikoni atashangaa: yeye anapanda gari kwenda kanisani Jumamosi, na Mwothodoksi hapandi.

Yote haya huanguka mbele ya uhai. Mgeni akipata homa kali ya malaria, kifua kikambana, mtoto akaanguka, gari liwashwe na simu zipigwe, apelekwe Bugando au hospitali iliyo karibu, bila kusubiri nyota. Madhehebu yote yanakubaliana hapo, na Mwothodoksi mwenyewe atapanda gari bila kusita. Mhudumu asijifanye kumlindia Shabati yake.

Sala, salamu, na sikukuu kwa ufupi

Akikuuliza Yerusalemu iko wapi kutoka Mwanza, mwonyeshe kaskazini, karibu moja kwa moja. Kibla cha msikiti kinainama mashariki kidogo zaidi ya hapo. Asubuhi za siku za kazi mwanamume atajifunga visanduku vyeusi vya ngozi mkononi na kichwani. Kwa Konsavativu na Mageuzi utaona na wanawake wakifanya hivyo, au wamejitanda shali ya sala. Usimkatize kumuuliza chai. Mkono wa salamu kwa jinsia tofauti usiutangulize, subiri wake. “Shabat shalom” inatosha.

Sikukuu nyingi kubwa nje ya Israel Waothodoksi na Wakonsavativu wengi huongeza siku ya pili, wa Mageuzi na Waisraeli hushika moja. Pasaka basi ni siku 8 kwa hao, 7 kwa hawa, na unapopanga vyumba tofauti hiyo inauma. Wakati wa Pasaka ngano na shayiri vilivyochachuka ni mwiko kwa wote. Waashkenazi wa Kiothodoksi huongeza mahindi, mchele, maharage, mtama na ulezi. Wasefardi wanakula wali kama kawaida, na kamati ya Wakonsavativu ilivifungua vyote hivyo mwaka 2015. Muhogo ni mzizi, haumo. Ugali wa udaga ungekuwa jibu safi, kasoro yake ni mashine: inayosaga muhogo wako asubuhi imesaga mahindi jana, pengine na ngano. Mpikie muhogo wa kuchemsha, ukiwa umemenywa na kisu kipya cha Pasaka.

Siku ya Upatanisho, Yom Kipuri, mfungo ni wa saa 25, maji pia hayanywi. Hata asiyeshika kitu mwaka mzima huenda akaishika hii. Usimpangie safari ya Ndabaka siku hiyo.

Jumamosi usiku

Nyota zikitoka, kwa dua ya kuiaga Shabati mgeni atahitaji mshumaa wenye tambi zaidi ya moja, au miwili iliyoshikanishwa ndimi zake, kikombe cha kinywaji, na kitu chenye harufu. Karafuu za sokoni zinafaa sana. Mfuko mdogo unamtosha mwaka mzima. Baada ya hapo simu inawashwa, bili inasainiwa, na dereva anaweza kuambiwa saa ya kuondoka kesho.

Sufuria zile mpya usizirudishe kabatini na nyingine. Zioshe kwa sponji yake, zifunge kwenye mfuko pamoja na visu na ubao, ziandike, zifungie stoo, ufunguo abaki nao mtu mmoja. Mhudumu mmoja akikaangia soseji humo wakati wa asubuhi yenye haraka, mgeni ajaye utamnunulia vingine.